Mwezi Mpevu Katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Atakaye kuujua mwezi mpevu na asimame jioni juu ya vilima vya Mbulu, jua lituapo upande wa ziwa Eyasi. Kabla weupe haujaisha magharibi, mwezi huwa umekwisha kuchomoza mashariki, nao hukaa nasi mpaka alfajiri. Kusini huonekana mlima Hanang, mita 3,420, umesimama peke yake.

Tulipokuwa watoto, usiku huo kwetu ulikuwa mchana wa pili. Nyumba za wazee wetu Wairaqw zilikuwa tembe zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, watu na ng'ombe chini ya dari moja, na ndani giza tupu. Basi tulitoka tukakimbizana hata juu ya paa, maana kwa nyuma paa lilikuwa sawa na ardhi. Mama ndiye aliyetufundisha kuuhesabu mwezi. Alisema, baada ya kupevuka, kila usiku hukawia kadiri ya kupika ugali na kuula. Shuleni tukaambiwa ni yapata dakika 50; hesabu ya mama haikuwa mbaya. Hata Pasaka hufuata mwezi mpevu, ila Pasaka huja wakati wa masika, na mara nyingi mawingu yalituficha mwezi, tukaiamini kalenda.

Ujanani tulifundisha kitambo huko Yaeda Chini, jirani na Wahadzabe. Huko tulistaajabu, kwa kuwa ngoma yao kubwa, iitwayo epeme, huchezwa usiku usio na mwezi, na mioto yote huzimwa. Sisi tulizoea kulikimbia giza; wao hulingojea.

Mwaka 1969 mama alishikwa na homa kali. Hospitali ilikuwa mbali, na gari halikuwapo. Tulikuwa wanaume sita na machela. Ilikuwa siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, nasi, tuliokuwa mkubwa wa nyumba, tukasema twende jioni, mbalamwezi itatuonyesha njia. Tukaondoka jua linakuchwa. Hatukuikumbuka hesabu yake mwenyewe. Siku ya tatu mwezi hauchomozi mpaka karibu saa tatu usiku. Giza likatukuta kwenye korongo, njia imekatwa na maji ya mvua, na kandili yetu ilikuwa na mafuta haba. Tukamweka chini, tukangoja. Mwezi ulipotokea tukaona uso wake, tukajua kwamba hatuna tena haja ya kwenda mbele. Hakuna aliyetulaumu. Tukarudi naye kwa nuru ile ile tuliyoitaka.

Miaka mingi baada ya hayo hatukupenda kuutazama. Tulipohamia upande wa Hanang, tulipita usiku kando ya ziwa Balangida wakati wa kiangazi, chumvi yake ikang'aa kama unga uliomwagwa, na mke wetu akatuomba tusimame kidogo. Tukasimama, kwa ajili yake.

Sasa tu wazee, twakaa Katesh, chini ya mlima. Taa za umeme zimejaa, na watoto wengi hawajui mwezi u wa siku ngapi. Lakini Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipatwa, na wajukuu wakatuita nje. Toka saa 2:30 usiku hata saa 3:52, dakika 82, ulikuwa wote ndani ya kivuli cha dunia, mwekundu kama chungu kipya. Mlima tuliokuwa tukiuona wazi ukatoweka. Watu wa hapa hawapendi kukosa kuuona, tangu alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, matope yalipoteremka kutoka huko yakaua watu zaidi ya 80. Mjukuu wetu mdogo akatushika mkono wala hakusema neno.

Kisha ukingo mmoja ukang'aa, na mlima ukarudi kidogo kidogo. Akauliza kama kesho mwezi utakawia tena.

Tukamwambia utakawia, kadiri ya kupika ugali na kuula.