Jembe, Utii na Uhuru

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Kigali hunyamaza. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano maduka hufungwa, magari husimama, na raia wa miaka 18 hadi 65 hutoka na majembe kwenda kwenye umuganda, kazi ya pamoja. Utii huo umeupendezesha mji.

Lakini mwaka 1994 utii wa namna hiyohiyo ulitumiwa kuua, na kuua kukaitwa “kazi”. Basi utii peke yake si sifa. Sifa ni dhamiri inayoipima amri.

Jembe likiwekwa chini, wakazi huketi mkutanoni. Hapo ndipo uhuru hupimwa: je, mnyonge aweza kusimama, akampinga kiongozi, kisha akarudi nyumbani akalala usingizi?