Betri Iliyowekwa Kutunza Kumbukumbu



Juma hili tunawaalika mtafakari pamoja nasi juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekwisha kukitupa bila kukitazama mara mbili: bodi mama ya kompyuta ya zamani. Ni lile bamba la kijani au la kahawia lililomo tumboni mwa kompyuta, ambalo juu yake hupachikwa prosesa, kumbukumbu na sehemu nyinginezo. Mafundi wa mitaani huliita "mazabodi". Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukizikusanya bodi hizo na kuzitengeneza, sisi wachache tunaokutana Jumamosi alasiri kuizunguka meza moja yenye pasi ya kulehemu, mswaki mkuukuu na kikombe cha siki. Tunazipata katika stoo za ofisi, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na katika masanduku ya misaada iliyoshushwa Dar es Salaam au Mombasa ikiwa imekwisha kuchoka tangu ilikotoka.

Tunaulizwa mara nyingi kwa nini tupoteze muda kwa mashine ambayo simu ya bei nafuu inaizidi nguvu mara maelfu. Swali hilo ni la haki. Tungependa kulijibu kwa kueleza jinsi kumbukumbu inavyotunzwa na jinsi inavyopotea, kwa kuwa hilo ndilo bodi hizi zilizotufundisha.

Kompyuta inapowashwa haijui lolote. Haijui kama ina kibodi, haijui kama ina kioo, wala haijui kwamba ndani yake imo diski yenye kazi ya miaka kumi. Prosesa huamka ikiwa na jambo moja tu, yaani anwani ya mahali pa kusoma agizo la kwanza. Katika kompyuta ya IBM PC iliyotolewa Agosti 1981, yenye prosesa ya Intel 8088, anwani hiyo ilikuwa baiti 16 kabla ya mwisho wa megabaiti moja, na hapo ndipo ilipowekwa chipu yenye programu dhibiti iitwayo BIOS. Programu hiyo ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 8, sawa na kurasa chache za maandishi. Lakini bila kurasa hizo chache mashine nzima ilikuwa bati na plastiki. BIOS ndiyo iliyohesabu kumbukumbu, ikaikagua kibodi, ikaitafuta diski, ndipo ikayakabidhi madaraka kwa programu nyingine.

IBM ilichapisha maandishi kamili ya BIOS yake katika kitabu cha ufundi, ila haki ya kuyanakili ikabaki mikononi mwake. Kampuni ya Compaq, iliyotaka kutengeneza mashine inayopatana na hiyo, iliwagawa wahandisi wake mafungu mawili. Fungu la kwanza lilisoma na kueleza kila kazi iliyofanywa na programu ile. Fungu la pili, ambalo halikupata kuyaona maandishi yenyewe, liliandika upya kwa kufuata maelezo tu. Mashine yao ilitangazwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuwauzia watengenezaji wengine BIOS iliyoandikwa kwa utaratibu wa namna hiyo, na tangu hapo bodi za kila aina zikaenea duniani, kila moja ikiwa na BIOS iliyorekebishwa kwa ajili yake. Kwetu sisi tunaotengeneza, maana yake ni kwamba BIOS ya bodi moja aghalabu haiifai bodi ya jirani. Nakala ya mwisho ikipotea, bodi zote za aina hiyo zimekuwa bubu.

Na hupotea kwa urahisi kuliko mtu anavyodhani. Chipu za miaka ile, ziitwazo EPROM, zina kidirisha kidogo cha kioo juu yake. Kila herufi iliyomo ni chaji ya umeme iliyofungiwa katika chumba kidogo mno kisicho na mlango. Mwanga wa urujuanimno ukipita katika kidirisha hicho huifukuza chaji, na ndiyo njia yenyewe iliyokusudiwa ya kuifuta chipu ili iandikwe upya. Ndiyo maana kidirisha hufunikwa kwa karatasi ya gundi. Karatasi hiyo ikibanduka, jua kali huweza kuyafuta yote kwa muda wa wiki moja hivi, na taa za ofisini kwa miaka takriban mitatu. Hata ikiwa gizani, chaji huvuja polepole kadiri miaka inavyopita. Baadaye zilikuja chipu zinazoandikwa upya bila kutolewa katika bodi, jambo lililoonekana kuwa nafuu kubwa, mpaka tarehe 26 Aprili 1999, pale virusi vya CIH vilipoamka katika kompyuta nyingi kwa siku moja na kuifuta BIOS katika zile bodi zilizokuwa zimeacha mlango wa kuandika wazi.

Mwili wa bodi nao una maradhi yake. Bodi nyingi zilizotengenezwa karibu na mwaka 2000 zilikufa mapema kuliko mama zao wa miaka ya 1980, kwa sababu kapasita zake zilitiwa maji yenye kemikali isiyo sahihi. Kapasita hizo huvimba kichwani kama mkebe wa samaki ulioharibika, kisha hutoa uji wa kahawia. Kuzibadilisha ni kazi ya saa moja au mbili kwa mtu mwenye subira.

Lakini ugonjwa uliotutafakarisha kuliko yote ni wa bodi za zamani zaidi, za prosesa 286, 386 na 486. Juu ya bodi hizo palichomelewa betri ndogo yenye umbo la pipa, ya nikeli na kadimiamu, volti 3.6. Kazi yake ilikuwa moja: kuilinda kumbukumbu ndogo ya bodi wakati kompyuta imezimwa, ili saa isisimame na bodi isisahau ina diski ya namna gani. Betri hiyo ikizeeka huvuja magadi makali. Magadi hutambaa juu ya bodi, hula njia za shaba zilizo nyembamba kama uzi, hupanda katika miguu ya chipu, na huacha ukungu wa kijani kibichi. Hayahitaji umeme ili yafanye kazi hiyo. Bodi inaweza kuwa imewekwa kabatini kwa heshima zote, imefungwa kwa kitambaa safi, na ndani ya kitambaa ikaliwa na kile kile kilichowekwa juu yake ili kiitunzie kumbukumbu.

Mama mmoja mjane alituletea kompyuta ya marehemu mumewe, yenye prosesa ya 386. Marehemu alikuwa mwalimu, na alipostaafu alikwenda nyumba kwa nyumba kuwasikiliza wazee, akaandika kwa lugha yao hadithi, methali na majina ya koo. Wazee wale karibu wote wamekwisha kuaga dunia. Kompyuta ilipowashwa ilipiga mlio na kuandika kwamba haina diski. Mama alikuwa amekwisha kuambiwa kwingine kwamba diski imekufa na kazi yote imepotea.

Alimwambia kijana wetu aliyempokea, "Mwanangu, mimi sina haja na kompyuta. Nataka maneno ya mzee wangu."

Kijana akamjibu, "Mama, tutajaribu. Hatutakuahidi zaidi ya hapo."

Tulipoifungua tulikuta betri imevuja, na ukungu wa kijani umefika hadi kwenye tundu la kibodi. Jambo la kwanza tulilolifanya halikuwa kuosha wala kulehemu. Tuliitoa chipu ya BIOS tukaisoma kwa kifaa chake ili tuwe na nakala. Tuliisoma mara mbili, na masomo mawili yakatofautiana kwa baiti moja. Hiyo ni dalili kwamba chaji imeanza kufifia. Tukaisoma tena kwa umeme wa chini kidogo ya volti 5, hali ambayo huzisaidia herufi zilizofifia zionekane bado zimeandikwa. Mara hii masomo yote yalilingana. BIOS nyingi za enzi zile zilipangwa ili jumla ya baiti zake zote ikigawanywa kwa 256 isibakize kitu. Tulipiga hesabu, na hakikubaki kitu. Tukaiandika nakala katika chipu mpya.

Ndipo tukaikata betri. Tuliyaua magadi kwa siki, tukaisuuza bodi kwa maji safi, tukaikausha, kisha tukaipitia kwa spiriti. Njia nne za shaba zilikuwa zimekatika. Tuliziunga kwa waya mwembamba kama unywele, mmoja wetu akiishika lenzi na mwingine pasi. Mahali pa betri ya zamani tukaweka betri ya sarafu, pamoja na diodi ya kuizuia bodi isijaribu kuichaji, kwa maana betri ya namna hiyo haichajiki. Kibodi ikaanza kuitika.

Diski bado ilikanwa. Mtu atauliza kwa nini hatukuihamishia katika kompyuta ya kisasa. Adapta tuliyokuwa nayo huhesabu sekta kwa mfululizo, moja hadi ya mwisho, nayo diski ya umri ule haijui hesabu hiyo. Yenyewe huelezwa kwa tarakimu tatu: idadi ya silinda, idadi ya vichwa, na idadi ya sekta. BIOS za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuiuliza diski tarakimu hizo. Mwenye kompyuta aliziingiza kwa mkono, na betri ndiyo iliyozikumbuka. Betri ilipokufa, bodi ilizisahau. Diski ilikuwa nzima, hadithi zote zilikuwamo, lakini hapakuwa na aliyejua tena pa kuzitafuta.

Tarakimu zilikuwa zimechapishwa katika karatasi iliyofifia ubavuni mwa diski: silinda 977, vichwa 5, sekta 17. Ukizizidisha, kisha ukazidisha kwa baiti 512 za kila sekta, unapata baiti milioni 42 na nusu. Tuliziingiza, tukawasha upya, na majina ya mafaili yakajitokeza kiooni, arobaini na mawili. Matano hayakusomeka, na hayatasomeka. Mama aliomba asomewe la kwanza. Mjukuu wake aliyekuja naye alilisoma polepole, kwa kuwa hakuizoea lugha ile ikiwa imeandikwa. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka lilipofika jina la ukoo mmoja. "Hapo alikosea," akasema. "Nilimwambia." Mjukuu akachukua kalamu, akauliza jina sahihi ni lipi.

Wapendwa, tunayo mambo machache ya kujifunza hapa.

Kwanza, kuweka si kutunza. Bodi nyingi tulizozikuta zimekufa hazikuharibiwa na wezi wala na watoto. Ziliwekwa tu. Waliozipokea zikiwa wazi na kuikata betri mapema wanazo hadi leo zikifanya kazi. Kama unayo kompyuta ya miaka hiyo nyumbani, usiiwashe kwa pupa. Ifungue, itafute ile betri ya pipa, uikate, ndipo uangalie mengine.

Pili, kinachodumu ni nakala. Watawa waliokuwa wakinakili vitabu kwa mkono kabla ya ujio wa uchapaji walilijua jambo hilo: ngozi waliyoandikia ilioza, panya waliila, moto uliiunguza, lakini maandishi yalivuka kwa sababu mtu wa kizazi kilichofuata aliketi akayaandika tena. Wakusanyaji wa bodi leo hufanya vivyo hivyo. Kila apataye bodi ngeni husoma chipu yake kwanza, na kuwapa wenzake nakala, ili mtu wa nchi nyingine mwenye bodi ya aina hiyo hiyo, iliyopoteza sauti, aweze kuisikia tena. Wala tusidhani kwamba sisi wa simu tumeepukana na jambo hili. Kumbukumbu ya simu na ya flashi tunazozitundika shingoni hutunza picha zetu kwa chaji iliyofungiwa, kama zile EPROM, nayo huvuja. Picha za harusi, sauti ya mama aliyefariki, orodha ya wanachama wa kikundi: ziwe mahali zaidi ya pamoja, na azijue mtu zaidi ya mmoja.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ziko kumbukumbu ambazo hazijapotea ila zimekosa mtu ajuaye pa kuzitafuta. Wapo wazee katika kila kijiji ambao ni kama diski ile: wamejaa, ni wazima, na nyumba nzima inasema hawana kitu. Mara nyingi kinachohitajika ni tarakimu tatu tu, yaani swali sahihi, lugha waliyoizoea, na alasiri moja ya kukaa nao. Yule mjukuu alizipata siku ile mezani petu, na tunasikia kwamba hadi sasa daftari lake halijakauka wino.

Tunawatakieni juma jema.