Nilijaribia Harusi ya Watu

Mwaka 2017 niliharibu harusi ya watu. Si sherehe yenyewe, maana ilifana na ikaisha salama. Niliharibu kumbukumbu yake. Nilikuwa nahariri video za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na nakala pekee ya shughuli ile ilikuwa ndani ya kompyuta niliyoifunga mtambo wa kupoza, nilioutengeneza mwenyewe kwa kompresa ya friji. Mtambo ulifeli, maji yakaingia kwenye diski, kazi ikapotea. Wenyewe waliponiuliza, nikasingizia umeme. Umeme haukukatika usiku ule, wala haukupanda. Familia ile nimeshaiendea nikaiambia ukweli, nayo imeniruhusu kuuandika bila kuitaja. Nauandika kwa sababu vijana wengi wa kazi yetu wanavutiwa na mitambo ya namna hii, na kwa sababu kosa langu kubwa kuliko yote sikulifanya kwa bisibisi.

Wazo lenyewe halikuwa la ajabu. Mwaka 2000 kampuni ya KryoTech ya Marekani iliuza kompyuta zenye prosesa ya AMD Athlon zilizofikia gigahezi 1 kwa kupozwa na mtambo wa friji. Asetek ya Denmark nayo iliuza mtambo wa aina hiyo kwa jina la VapoChill. Niliposoma habari hizo nilijiona nimepata dawa. Prosesa yangu ilikuwa Core i7-2600K, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Intel iliipangia wati 95, lakini mimi nilikuwa nimeipandishia kasi na volteji kupita kiwango cha kiwandani ili kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, kuishe mapema. Volteji ina adhabu yake: ukiipandisha kwa asilimia 10, joto linapanda kwa asilimia 21 hata kabla hujahesabu lile linaloletwa na kasi. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Basi Februari ya Dar, katika chumba chenye dirisha moja na kisicho na kiyoyozi, kazi niliyotaka iwahi ikawa inachelewa.

Nilipoing'oa feni ya awali ili nipate nafasi ya mtambo wangu, niliona mapezi yake yamezibwa na vumbi hata mwanga haupiti, na peisti iliyo kati yake na prosesa imekauka ikawa unga. Jibu la shida yangu lilikuwa pale mkononi. Brashi, peisti mpya na kurudisha volteji ya kiwandani vingetosha. Niliyaona yote hayo nikayapuuza, kwa kuwa nilikuwa nimeshalipenda wazo langu kuliko kazi niliyopewa.

Nilinunua friji dogo la mtumba, zima, linalofanya kazi. Lebo yake ya nyuma ilisema R134a, gramu 120. Gesi hiyo haiharibu tabaka la ozoni kama ile R12 ya zamani, ndiyo maana wengi tunaidhania haina madhara. Lakini katika kuipasha joto dunia, kilo moja yake hufanya kazi ya kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Nilikata bomba kwa msumeno, uani. Gesi ikafoka, mafuta ya kompresa yakarukia ukuta, ikaisha. Gramu zile 120 ni sawa na zaidi ya kilo 170 za kaboni dayoksaidi, yaani moshi wa zaidi ya lita 70 za petroli. Oktoba ya mwaka uliotangulia, mataifa yalikuwa yamekutana Kigali, hapa hapa jirani, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Habari hiyo nilikuwa nayo. Fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi na kuihifadhi kwenye mtungi angenitoza fedha, nami sikutaka kuitoa. Jaribio lilikuwa langu, hewa ilikuwa ya watu wote.

Kanuni ya friji ni nyepesi kuieleza. Kompresa huikandamiza gesi ikapata presha na joto. Kondensa, yale mabomba ya nyuma, hulitoa joto hilo nje na gesi ikawa kimiminika. Kimiminika hupenya mrija mwembamba uitwao kapilari. Kikitokea upande wa pili presha hushuka, nacho kikachemka na kunyonya joto la chochote kilicho karibu. R134a ikiwa kwenye presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Badala ya evaporeta, ile sehemu ya friji inayonyonya joto, niliweka kipande cha shaba chenye uwazi ndani, kikae juu ya prosesa.

Kuchomelea na kujaza gesi sikuweza, nikamwita fundi friji. Alichomelea mabomba, akaweka filta mpya, akavuta vakyumu, akajaza gesi huku macho yako kwenye geji. Alipomaliza alikitazama kile kipande cha shaba kwa muda, kisha akaniambia: "Kaka, friji linapumzika. Likishapoa linajizima. Hii kompyuta yako inapumzika saa ngapi?"

Nilimjibu kwamba nimeshapiga hesabu. Sikuwa nimepiga hesabu yoyote, na yeye alikuwa ameugusa moyo wa tatizo. Friji la nyumbani hupambana na joto dogo linalopenya kuta zake, na la chakula kinachoingizwa mara chache. Kompyuta inayorenda humwaga wati zaidi ya mia moja bila kukoma. Kompresa ndogo hutegemea gesi baridi inayorudi ili nayo ipoe. Gesi ikirudi na joto usiku kucha, kompresa hupanda joto mpaka kile kidude cha kinga ambacho mafundi hukiita ovalodi kinakata umeme. Na joto lenyewe halipotei, huhama tu. Mtambo wangu ulilitoa kwenye prosesa, ukaliongezea la kompresa yake, ukalimwaga lote katika chumba kile kile.

Jioni ya kwanza kuiwasha, kipimo kilionyesha nyuzi 8 chini ya sifuri prosesa ikiwa haina kazi. Nilipiga picha nikawatumia marafiki. Shaba ilikuwa imeota barafu nyeupe, nami nikaiona barafu ile kuwa ni ushindi. Ilikuwa onyo.

Hewa ya Dar yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande kwenye nyuzi 25. Kitu chochote chenye baridi kuliko hapo kitatoa jasho, na sisi huliona kila siku kwenye chupa ya soda. Chumba cha meta 3 kwa 4, chenye kimo cha meta 2.5, hubeba katika hali hiyo karibu gramu 680 za maji hewani. Ni zaidi ya nusu lita, nayo hayaonekani. Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kiyoyozi mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, hakuitiwa kuwaburudisha watu kwa ubaridi. Aliitiwa unyevu uliokuwa ukiharibu uchapaji. Aliipitisha hewa kwenye mabomba baridi ili maji yabaki hapo. Tangu mwanzo, basi, bomba baridi lilikuwa chombo cha kukusanya maji. Mimi nililiweka katikati ya mazabodi.

Wanaojua kazi hii huzungushia sponji nyeusi ya mpira, ile inayovalishwa mabomba ya AC, ambayo vijishimo vyake vimefungwa na hewa haipiti. Kwenye soketi ya prosesa hupaka grisi isiyopitisha umeme. VapoChill ilikuwa hata na hita ndogo za kuzuia umande. Mimi nilitumia kipande cha godoro, kitu kinachonyonya maji. Nyuma ya mazabodi sikuweka chochote, kwa kuwa sikujua kwamba ubaridi hupita kwenye pini za soketi ukatokea upande wa pili.

Usiku wa kazi ile niliiacha kompyuta ikirenda, nikaenda kulala. Kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta, maana Jumamosi ilinisubiri sendofu nyingine. Nakala ya pili sikuwa nayo. Hakuna mhariri asiyejua kwamba kazi ya mteja haifutwi kwenye kadi kabla haijakaa mahali pawili. Nilijua, sikufanya.

Asubuhi niliikuta kompresa imenyamaza, ya moto kiasi cha kutoshikika. Ovalodi ilikuwa imekata, na barafu ya usiku imeyeyuka. Nilikiminya kile kipande cha godoro, kikachuruzika maji mpaka kwenye kiwiko. Maji mengine yalikuwa yameufuata waya wa diski hadi kwenye soketi yake, na hapo palikuwa na doa jeusi lenye harufu ya kuungua.

Hata hapo mlango haukuwa umefungwa. Ubao wa diski ukiungua, sahani zenye kazi ndani mara nyingi huwa bado nzima; mtaalamu huweza kuweka ubao mwingine na kuihamishia chipu yenye taarifa za diski husika. Sikumpelekea mtaalamu, kwa sababu angeuliza maji yametoka wapi. Nilitafuta ubao unaofanana nikaubandika bila kuihamisha chipu, diski ikakataa. Nikafungua kifuniko juu ya meza, katika chumba chenye vumbi, nikaimaliza kabisa. Aibu ndiyo iliyoshika bisibisi ile.

Mama mzaa bibi harusi alipopiga simu, nilimwambia umeme umenisumbua, mashine imepata hitilafu, lakini kazi ipo, anipe muda. Aliniombea dua. Alipiga tena, nikasema hivyo hivyo. Niliendelea kumwambia "ipo" kwa miezi, nikijua haipo, mpaka nilipochoka na kusema umeme umeunguza diski. Hela yao niliirudisha, wakanishukuru kwa uungwana. Shukrani ile niliipokea. Kati ya yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninaloona haya nalo zaidi.

Nilipokwenda kuungama, mama yule alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Habari za friji na gesi hazikumshughulisha. Aliuliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu, mbona hukusema siku ile ile? Wageni walirekodi kwa simu zao. Tungewapigia mmoja mmoja tukakusanya." Sikuwa na jibu. Mwaka ule wageni walikuwa ukumbini wamenyanyua simu, nami niliwaona, wengine hata wakinizibia kamera. Siku ile ya maji, video zao zilikuwa bado zipo. Kufikia siku niliyosema haipo, simu zilikuwa zimejaa zikafutwa, zimepotea, zimebadilishwa. Nao hawakuwa na sababu ya kuzitunza, kwa kuwa fundi wa video alikuwa amewahakikishia kwamba kazi ipo. Maji yaliharibu nakala moja. Uongo wangu uliharibu zilizobaki.

Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kupenda kuunda vitu. Nchi hii inahitaji vijana wanaofungua friji kutaka kujua ndani kuna nini. Ukitaka kuijaribu kazi hii, ijaribu kwenye mashine tupu, isiyo na kazi ya mteja hata moja. Gesi ivutwe na fundi mwenye kifaa cha kuihifadhi, usiiachie hewani. Tafuta sponji ya mabomba, ziba mbele na nyuma, na uweke kinga itakayoizima kompyuta kompresa ikisimama. Fundi akikuuliza swali usilokuwa na jibu lake, simamisha kazi mpaka ulipate. Na kama shida yako ni joto tu, anza kwa brashi na peisti; mashine ninayotumia sasa inapozwa kwa feni ya kawaida ninayoisafisha mara kwa mara, na inarenda usiku kucha bila kujipunguzia kasi.

Kwa mhariri mwenzangu nina ombi moja zaidi. Shughuli ya mtu uliyoirekodi hairudiwi, iweke mahali pawili kabla hujaigusa. Na ukiiharibu, mwambie mwenyewe siku ile ile, angali ana pa kukimbilia.