Watoto Wanne

Jumapili ile mvua ilinyesha Mbagala tangu alfajiri, na darasani walikuja watoto wanne tu. Tasnifu nilikuwa nimeiacha hosteli, sura ya pili haijaisha, nikapanda daladala mbili na kumalizia kwa miguu, viatu mkononi. Njiani rafiki yangu alinitumia ujumbe: kazi ya kuingiza data bado ipo, ni ya wikiendi, inalipa vizuri. "Hao watoto watapata mwalimu mwingine." Ulikuwa ujumbe wake wa tatu mwezi huo, na ada nilikuwa nadaiwa.

Somo lilikuwa Nehemia. Sanbalati na Geshemu walimwita mara nne wakutane bonde la Ono, naye mara zote nne akajibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Ukuta ulikamilika kwa siku 52. (Mimi, kufikia mara ya tatu, nilishaanza kupiga hesabu ya malipo.)

"Mwalimu, yeye alikuwa haogopi?" akauliza binti mmoja, sketi yake ikichuruzika maji.

Nikamwambia nadhani aliogopa, maana aliomba Mungu aitie nguvu mikono yake.

Jioni nikamjibu rafiki yangu kwamba siji. Zikatokea tiki mbili za bluu, basi. Ada bado nadaiwa.