Pakiti Moja, Lita Moja



Ama baada ya kumhimidi Allah na kumswalia Mtume wake, leo nataka kuwasimulia wasomaji wetu, hasa kina mama, kosa nililolitenda kwa mikono yangu mwenyewe msimu wa mvua uliopita.

Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa na umri wa mwaka na nusu, alishikwa na kuharisha usiku. Mamake alikuwa safarini, na mtoto alikuwa kwetu, mimi na bibi yake. Baada ya sala ya alfajiri nikaenda duka la dawa nikanunua pakiti za ORS. Juu ya pakiti imeandikwa ichanganywe na maji lita 1. Nikaona lita nzima ni nyingi mno kwa tumbo dogo kama lile, tena nikadhani dawa ikiwa nzito itafanya kazi upesi. Nikamimina pakiti nzima katika gilasi moja ya maji, nikakoroga, nikasoma Fatiha, nikamnywesha.

Kufikia adhuhuri choo kilikuwa kimezidi, midomo imekauka, na mtoto akilia machozi hayatoki. Tukamkimbiza zahanati. Muuguzi aliniuliza nilivyochanganya ile dawa, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Sheikh, hayo maji yaliyokuwa mwilini mwake umeyavuta ukayarudisha tumboni." Akachanganya pakiti nyingine kwa kipimo chake, akatuonyesha namna ya kumnywesha kijiko baada ya kijiko. Kufikia magharibi mtoto akakojoa. Sikupata kufurahia nguo iliyolowa kama siku ile.

Neno la muuguzi lilinikaa moyoni. Dawa ile ile, pakiti ile ile, imdhuru mtoto asubuhi na imponye jioni? Binti yangu aliporudi nikamwuliza, kwa kuwa yeye ni mwalimu wa biolojia. "Baba," akaniambia, "tuanze na seli, kisha utaelewa."

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo ambazo karibu zote hazionekani kwa macho. Mwaka 1665 Mwingereza aitwaye Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo. Akaona vijumba vimepangana, akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini lililo na maana ya chumba kidogo. Sisi wa madrasa tungesema hujra. Ndani ya hujra hiyo kuna ute ambamo shughuli nyingi za uhai hufanyika, kuna kiini kinachohifadhi maagizo tuliyorithi kwa wazazi, na kuna mitokondria zinazotoa nguvu kutokana na chakula. Kuizunguka seli yote kuna utando mwembamba sana, ambao umbo lake ni safu mbili za mafuta.

Utando huo haupitishi kila kitu kwa njia moja. Oksijeni hupenya yenyewe, ikitoka palipo nyingi kwenda palipo chache, kama moshi wa udi unavyotoka chetezoni ukaenea nyumba nzima. Maji nayo hupita, na huelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Wataalamu huita jambo hili osmosisi, na kina mama wanalijua kabla ya kulijua jina. Samaki akipakwa chumvi kufanywa ng'onda hutoa maji mpaka akakauka. Zabibu kavu zikilowekwa hunywa maji zikavimba. Sasa kosa langu likadhihirika: gilasi moja badala ya lita 1 ilifanya mchanganyiko kuwa mzito karibu mara nne ya kipimo chake. Tumbo la mtoto likawa ndio upande wenye chumvi, na maji ya mwili wake yakaelekea huko.

Je, mchanganyiko sahihi huponya vipi? Sukari na chumvi haziwezi kupenya zile safu za mafuta zenyewe. Zinahitaji milango, nayo ni protini zilizopandikizwa ndani ya utando. Katika seli za utumbo mwembamba kuna mlango unaopokea glukosi, ambayo ni aina ya sukari, pamoja na sodiamu iliyomo katika chumvi. Zikifika zote mbili, huingia pamoja. Ikikosekana moja, mlango huo haufanyi kazi. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotumia nguvu kuitoa sodiamu kuelekea kwenye damu, na maji hufuata nyuma yake. Robert Crane, mtaalamu kutoka Marekani, ndiye aliyeutangaza ufahamu huu mjini Prague mwaka 1960. La ajabu ni kwamba hata sumu ya kipindupindu, inayomwaga maji ya mwili kama bomba lililopasuka, haiuharibu mlango huo.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi waliokuwa Bangaon, nchini India, walishambuliwa na kipindupindu, na maji ya kutundikwa kwenye mshipa yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na sukari, mara nyingi kwa mikono ya jamaa zao. Vifo katika kambi ile vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Ndugu zangu, katika Surat Ar-Rahman tumehimizwa kuchunga mizani. Humo humo zimetajwa bahari mbili zenye kizuizi baina yao. Sisemi kuwa aya hizo zinazungumzia seli. Wafasiri wamezieleza, na si haki kuzibebesha yasiyokuwamo. Lakini niliona haya. Mimi ninayewafundisha watu kuhesabu zaka hadi senti ya mwisho, nilikisia kipimo cha maji ya mtoto. Kumsomea mgonjwa ni sunna, na kutafuta tiba ni sunna vilevile. Fatiha niliyoisoma haikuwa ruhusa ya kupuuza maandishi ya pakiti.

Basi tushike haya. Kwanza, mtoto anayeharisha asinyimwe maji wala maziwa ya mama kwa kudhani yanazidisha ugonjwa. Pili, ORS ichanganywe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa, kwani pakiti hutofautiana, na ikibaki baada ya saa 24 imwagwe. Tatu, pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, si zaidi. Soda haiwi badala yake, maana sukari yake ni nyingi na chumvi ni kidogo. Nne, mtoto akitapika, ngojea kama dakika 10, kisha endelea polepole. Tano, uliza zahanati kuhusu vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Na ukiona macho yamedidimia, mtoto amelegea, hawezi kunywa, hakojoi, au choo kina damu, usingoje kuche, mpeleke hospitali.

Mjukuu wangu sasa anakimbia uani na kumwaga maji ya udhu ya babu yake. Namwomba Allah atulindie watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kukisia.

Wabillahi tawfiq.