Kiungo cha Trela Hupimwa kwa Kugeuka

Atakayenunua trela ya kupigia kambi leo, akaipeleka kwa fundi wa Langas au wa Yamumbi viungani mwa Eldoret ili gari lifungwe kiungo cha kuivutia, ataulizwa kwanza ni ya kilo ngapi. Swali hilo ni halali, ila mimi naliweka la pili. La kwanza ni hili: kiungo chenyewe kinageuka kwa pande ngapi, na kwa kiasi gani? Uwanda wa Uasin Gishu una zaidi ya miaka 100 ya kuvuta mizigo mizito katika njia mbovu, na ukifuatilia jinsi vifaa vya kuvutia vilivyobadilika hapa, utaona kwamba tulizidi kupata nguvu na utulivu huku tukipoteza kitu ambacho watu wa zamani walikuwa nacho bila hata kukitafuta. Kitu hicho ni uhuru wa kinachovutwa kujipinda chenyewe bila kukipinda kinachovuta.

Tuanze na maksai. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg waliwasili Mombasa kwa meli kutoka Afrika Kusini, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakafunga magari yao ya maksai kuelekea uwanda huu, ambao tayari ulikuwa na wenyewe, ingawa serikali ya kikoloni iliugawa kama mali isiyo na mtu. Walitoka Nakuru mwezi Agosti, wakafika Oktoba. Leo safari hiyo ni ya saa chache tu. Kilichowachelewesha ni ule mpando wa Timboroa, unaopita mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, pamoja na misitu na tope lake. Gari la aina ile lilikuwa na magurudumu manne. Ekseli ya mbele ilizunguka kwenye nguzo ya chuma, mti mrefu ukatokea mbele yake, na kutoka hapo ikaanza cheni iliyopita katikati ya jozi za maksai, nira hadi nira. Uzito wote wa gari ulikaa juu ya magurudumu yake lenyewe, kwa hiyo cheni haikubeba chochote, kazi yake ilikuwa kuvuta tu. Maksai wangeweza kuwa juu ya kilima huku gari likiinama bondeni, wangeweza kukata kona gari likiwa bado halijafika, na gari likilala ubavu, cheni ilijisokota kidogo na maksai wakabaki wima. Tope likizidi, walifungua maksai wa gari jingine, wakaongeza cheni mbele, wakavuta kwa nguvu maradufu. Cheni ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: haikuweza kusukuma. Kwenye mteremko gari liliwafuata maksai kisigino, na breki ilikuwa ni kipande cha mti kilichobanwa kwenye gurudumu.

Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, safari ndefu za maksai zikaanza kupoteza maana. Shambani, trekta likachukua nafasi yao kidogo kidogo. Nyuma ya trekta kulikuwa na ubapa wa chuma wenye tundu, jicho la mkono wa trela likaingizwa hapo, pini ikatumbukizwa, basi. Pini ile haikujaza tundu lake. Ililegea, ikacheza, ikapiga kelele, na kulegea huko ndiko kulikoiwezesha trela kuinama, kuinuka na kulalia ubavu kwenye matuta ya shamba la mahindi. Mwendo wa trekta ni mdogo, kwa hiyo kugongagonga kwa pini hakukuwa na madhara makubwa. Harry Ferguson, ambaye trekta lake la TE20 lilianza kutengenezwa Coventry mwaka 1946, alifuata njia tofauti kwa vifaa vya kulimia: alifunga jembe kwa mikono mitatu hadi likawa sehemu ya trekta lenyewe, ili jembe likikwama kwenye jiwe trekta lisiinuke na kumwangukia dereva. Hata hivyo, kwa trela, pini na jicho vilibaki. Mavuno yanapopelekwa kwenye maghala ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao mjini Eldoret, tinga zinazosimama foleni bado zimefungwa kwa mtindo huohuo, na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Badiliko lenyewe lilikuja na magari madogo. Mashamba makubwa ya walowezi yalipokatwakatwa baada ya uhuru, na pikapu na magari ya mitumba kutoka Japani yalipojaa barabarani, trela ndogo ya magurudumu mawili ilifuata, na pamoja nayo kiungo cha tufe: bonge la chuma lenye kipenyo cha milimita 50, linalofunikwa na kikombe kilicho mwisho wa mkono wa trela. Kifaa hiki kilizaliwa kwenye barabara laini za Ulaya na Marekani, na huko kinastahili sifa. Hakina ulegevu, kwa hiyo hakigongi. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa hakiuogopi. Kinafungwa kwa mkono mmoja. Vilevile kinabeba sehemu ya uzito, maana trela ya ekseli moja lazima ilalie gari la mbele kidogo. Waustralia hupendelea asilimia 10 ya uzito wa trela, Wazungu wa Ulaya hutosheka na chini ya hapo. Lakini kwa kuziba ulegevu wote, kikombe kile kiliwekea mpaka pia kujisokota. Kanuni za kimataifa za viungo hivi hutaka tufe liruhusu trela kulalia ubavu nyuzi 25 hivi kila upande, na kuinama au kuinuka nyuzi 20 hivi. Kwenye lami hizo ni nyingi mno, huzitumii hata nusu.

Nje ya lami hesabu hubadilika. Chukua gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu ya kushoto yakipanda juu ya mwamba wa sentimita 30, gari limelala nyuzi 11. Wakati huohuo gurudumu la kushoto la trela likitumbukia kwenye shimo la sentimita 40, trela imelala nyuzi 15 upande wa pili. Jumla ni 26, na tufe limeshafika mwisho wake. Njia zilizochimbwa na mvua karibu na nyumbani zinaweza kukufikisha hapo, huhitaji kwenda mbali hadi kwenye mawe ya volkeno ya Loiyangalani. Mbaya zaidi ni laga (mito mikavu) za Pokot na Turkana: pua ya gari ikipanda ukingo wa pili kwa nyuzi 15 huku trela ikiwa bado inashuka ukingo wa kwanza kwa nyuzi 15, kiungo kinadaiwa nyuzi 30 za kuinama. Kikombe kikifika mwisho wake hakisimami kwa adabu. Kinageuka wenzo, kinabana shingo ya tufe, na hapo kitu kimoja kati ya vitatu kitatokea: shingo itapinda, kufuli ya kikombe itafumuka, au trela itainua gurudumu la gari. Trela ikipinduka kabisa, tufe hujaribu kulibeba gari pamoja nayo.

Sasa linganisha na nguvu, ambayo ndiyo inayoulizwa dukani. Wahandisi huzidisha uzito wa gari kwa uzito wa trela, wakagawa kwa jumla ya zote mbili, kisha wakazidisha kwa mvutano wa dunia. Gari la tani 3 likivuta trela ya tani 1.2, jibu ni kilonyutoni 8.4. Gari hilohilo likivuta trela ya tani 3.5, ambayo tufe la kawaida la daraja la juu limeruhusiwa, jibu ni karibu 15.8. Maana yake trela ya kambi ya familia inatumia nusu tu ya nguvu iliyopo. Mwenye tufe hilo akiongeza tani juu ya karatasi, hanunui chochote atakachokitumia. Nyuzi ndizo zinazomwishia kwanza.

Waustralia walilitambua hili mapema, kwa kuwa wana nchi kubwa yenye njia ndefu za vumbi. Baadhi ya viungo vyao, kama Treg, hutumia bonge gumu lenye asili ya mpira na pini mbili zinazopishana. Vingine, kama DO35, hutumia pini wima iliyofungwa kwenye gari, inayoingia kwenye kipokezi cha trela, pamoja na shafti inayozunguka ndani ya mkono wa trela kama mshikaki motoni. Umbo ni tofauti, wazo ni moja: kona, kuinama na kulalia ubavu kila kimoja kipewe mhimili wake, kisha ulegevu uondolewe katika kila mhimili. Huo ni uhuru wa cheni ya maksai bila udhaifu wake, kwa sababu chuma hiki husukuma pia.

Pingamizi la kwanza ni la watu wanaojua safari. Wanasema Waafrika Kusini wamevuka Kalahari miaka nenda miaka rudi kwa tufe la milimita 50, na hawakupotea. Ni kweli, na sina budi kulikubali kwa sehemu. Mchanga wa Kalahari unazamisha magurudumu yote kwa pamoja. Haulazi gari upande mmoja na trela upande mwingine kama mawe yafanyavyo. Tena trela nyingi zao ni nyepesi. Tunapotoka Iten kushuka Tambach na Bonde la Kerio hadi Kabarnet, tuko kwenye lami, na tufe linatosha. Anayekusudia msitu wa Kaptagat wakati wa kiangazi, akarudi Jumapili jioni, asimsikilize mtu yeyote, mimi nikiwemo. Anunue tufe na pesa zinazobaki aweke kwenye magurudumu mazuri. Hoja yangu ni kwa anayeuliza kiungo cha nje ya lami, yaani anayekusudia Cherang'any wakati wa mvua au laga za kaskazini.

La pili ni la jeshi. Kuna kulabu ya NATO, ile inayofungwa nyuma ya Land Rover za Waingereza wanaofanya mazoezi Nanyuki, yenye mdomo unaofungwa juu ya pete ya trela. Inageuka vizuri, ni ngumu kama jiwe, na huweza kupatikana kwa bei nafuu. Kwa nini tusiichukue tu? Kwa sababu imerudisha ulegevu wa pini ya trekta kwenye gari linalokimbia. Kila unapokanyaga breki pete hugonga mbele, kila unapoongeza mafuta hugonga nyuma, na kugonga huko, mara elfu nyingi, huchosha boliti na kuchochea nyufa kwenye chuma kilichochomelewa. Breki za trela zinazofanya kazi kwa kusukumwa na mkono wake huchelewa kushika, kisha hushika kwa kishindo. Kwa mizigo ya shamba ningeichagua bila kusita. Kwa trela yenye vyombo, jiko na watoto wanaolala ndani yake usiku, hapana.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la vipuri. Tufe hupatikana Eldoret leo mchana. Bonge la Treg likichakaa, utangoja sanduku kutoka ng'ambo. Hapa wenye pingamizi wana haki. Ila kiungo chenye mihimili mitatu si siri ya Australia. Shafti ya chuma, bushi ya shaba, nipo ya grisi, jicho na pini ni vitu ambavyo mafundi wa jua kali wanaotengeneza trela za tinga wanavifahamu. Wanachopaswa kubadilisha ni uangalifu wa vipimo: bushi isilegee, pini iwe na kufuli ya pili, na kiungo kifungwe kwa boliti za daraja la 8.8 au zaidi zenye nati zisizojifungua. Kisichomelewe juu ya chuma kisichojulikana asili yake. Mshono wa kuchomelea kwenye chuma chenye kaboni nyingi huacha ukanda mgumu unaovunjika ghafla bila kuonya, na huo ndio utakaobeba uzito wote wa trela kwenye mteremko.

Liko jambo moja ambalo tufe limelipotosha zaidi ya yote, na hata mwenye kuchagua vingine atakutana nalo. Watu hulitundika kamba ya kuvutia gari lililokwama. Tufe halikuundwa kwa mvuto wa ghafla wa kamba inayovutika. Shingo yake ikikatika, chuma hicho huruka kama risasi, na kimeshaua watu. Kiungo cha nje ya lami kiwe na mahali pake pa kufunga shakeli, pembeni, palipokazwa kwenye chasi. Cheni mbili za usalama zipite chini ya mkono wa trela zikipishana, ziwe ndefu za kutosha kona, fupi za kutosha zisiburute chini. Na baada ya kila mto au tope, shafti ipakwe grisi hadi ile ya zamani itoke nje, kwa kuwa bushi iliyokauka huganda, na iliyoganda ina nyuzi chache kuliko tufe.