Hewa Tunayowapa Watoto Garini

Kwa miaka mingi sisi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa kanisani kwetu tulidhani tunalitunza gari letu vizuri. Tuliliosha kila Ijumaa, tukapima oili na maji, kisha tukaliegesha chini ya mwarobaini kulikinga na jua kali la Dodoma.

Jumamosi moja tulikuwa tunamrudisha nyumbani mtoto wa miaka sita aliyekuwa amelazwa kwa ugonjwa wa pumu. Barabara ilikuwa ya vumbi, basi tukafunga vioo na kuwasha kiyoyozi. Hewa iliyotoka ilinuka kama nguo zilizokunjwa mbichi. Haukupita muda mtoto akaanza kukohoa, na kifua kikaanza kulia kama filimbi. Mama yake alitutazama bila kusema neno. Tulisimamisha gari, tukamtoa nje, tukamvutisha dawa yake. Tunamshukuru Mungu kwamba alipata nafuu.

Jumatatu tulikwenda kwa fundi, naye akafunua boneti. Chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa, kuna matundu ambayo huwa tunayaona bila kuuliza kazi yake. Kumbe hapo ndipo hewa ya nje inapoingilia. Katika magari mengi hewa hiyo hupita kwenye filta iliyo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria; feni huisukuma kwenye sehemu ya kupozea, ndipo hutufikia usoni. Matundu ya gari letu yalikuwa yamejaa majani ya mwarobaini yaliyooza, na maji ya mvua yalikosa njia ya kutokea. Filta ilikuwa nyeusi, imeota ukungu.

Tuliona aibu. Sisi wauguzi tunaowafundisha akina mama kuanika matandiko na kufungua madirisha, tulimpandisha mgonjwa wa kifua katika hewa ile! Vumbi na ukungu vyote huweza kuamsha pumu.

Siku hizi kila tunapoosha gari tunaokota majani kwenye matundu yale kwa mkono. Filta tunaibadilisha angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi tukisafiri sana kwenye vumbi. Ile ya karatasi hatuioshi, kwa sababu maji huiharibu. Dakika chache kabla ya kufika tunazima ubaridi na kuacha feni ipulize, ili unyevu ukauke.

Tumejifunza pia kazi ya kile kitufe chenye picha ya gari na mshale uliopinda ndani yake. Ukikibonyeza, hewa ya nje hufungwa na ile ya ndani huzungushwa. Kinafaa tukiwa nyuma ya lori linalotoa moshi. Lakini tukijaa watu garini na kukiacha hivyo kwa muda mrefu, pumzi zetu hulichafua gari, na dereva huweza kusinzia. Moshi ukipita, tunafungulia tena hewa ya nje.

Mtoto yule bado tunampeleka kliniki. Mara ya kwanza baada ya filta mpya, mama yake alisita mlangoni, akanusa kwanza. Hatukumlaumu; tulimngoja mpaka aliporidhika. Dada mpendwa, nawe kabla ya safari ijayo, funua boneti uangalie.